Moduli Isiyojua Habari za Samaki

Kuna faili moja la lugha ya C, halifiki mistari mia tano, ambalo leo limo ndani ya vifaa vya aina tatu tulivyotengeneza hapa Mombasa: kipimajoto cha stoo ya samaki Mji wa Kale, kipimo cha maji kwenye matangi ya ghorofa huko Tudor, na kijisanduku kinachofungwa kwenye jenereta kuandika saa ilizofanya kazi na joto la injini. Faili hilo, ambalo twaliita moduli, ni lile lile, herufi kwa herufi. Kazi yake ni kupokea rekodi, kuihifadhi ndani ya kifaa mpaka itumwe, na kuhakikisha kwamba stima ikipotea haiendi na kitu kilichokwisha kuandikwa. Wenzangu wakisikia hivyo hudhani tulikaa kitako tukapanga kila kitu mapema. Wala. Limedumu kwa sababu ya mambo tuliyokataa kulitia.

Tulianza na samaki. Stoo yenyewe haiko mbali na bandari ya zamani. Chumba cha baridi kinatakiwa kikae nyuzi 18 chini ya sifuri, na mwenye mali, mtu mzima ambaye sote twamwita Ami, alitaka ushahidi wa usiku kucha, maana wanunuzi wake wa hotelini wamekuwa wakali. Kabla yetu alikuwa amenunua kifaa kutoka nje, kizuri kwa macho, kinachoandika joto kwenye kadi ya SD. Tulipoichomoa kadi na kuitia kwenye kompyuta tulikuta mafaili yamepangwa kwa tarehe, safi kabisa, na karibu kila siku ambayo stima ilikatika faili lake lina ukubwa wa baiti 0.

"Ami, data iliandikwa," nikamwambia.

"Iliandikwa, haya. Iko wapi, mwanangu?"

Hilo ndilo swali. Kwenye mpangilio wa FAT, ambao kadi nyingi hizi huutumia, yaliyomo kwenye faili huandikwa mahali pamoja, na ukubwa wa faili huandikwa mahali pengine, kwenye orodha ya mafaili. Programu nyingi huusahihisha ukubwa huo pale tu faili linapofungwa. Stima ikienda usiku wa manane, joto la jioni yote limo kwenye kadi kweli, ila orodha inasema faili ni tupu, na vile vipande havina mwenyewe. Dawa ipo: lazimisha orodha iandikwe upya kila baada ya muda. Lakini hapo umeongeza kazi ya kuandika pale pale, tena na tena, na kila mara unaacha mwanya. Umeme ukikatika jedwali la mafaili likiwa nusu limeandikwa, huenda usipoteze jioni moja tu, ukapoteza kadi nzima.

Tena usidhani stima ya ukutani ndiyo mkosaji wa pekee. Modemu tuliyotumia kutuma data kwa mtandao wa simu, SIM800L, huvuta mpaka ampea 2 kwa mpigo mfupi inapotuma mawimbi. Betri ikiwa imechoka au waya ukiwa mwembamba, volti hushuka chini ya 3.4, modemu inazimika, na mara nyingi inaiangusha bodi nzima pamoja nayo. Maana yake kifaa hujizima chenyewe wakati hasa kinapotuma data. Ukiandika programu ya vifaa hivi huku ukihesabu kukatika kwa umeme kuwa ajali ya nadra, umeandikia mji mwingine, si huu.

Tukaiacha kadi. Kwenye bodi tukaweka chipu ya flashi, yaani kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika: W25Q32, ya megabaiti 4. Flashi ya aina hii ina masharti yake. Biti, yaani tarakimu moja ya data, unaweza kuitoa 1 ukaifanya 0 wakati wowote, lakini kuirudisha 1 ni lazima ufute sekta nzima ya baiti 4,096. Na kila sekta huahidiwa kufutwa mara 100,000 hivi, baada ya hapo usimlaumu mtu. Kuandika nako hufanyika kwa kurasa za baiti 256. Ukivuka mpaka wa ukurasa bila kujua, baiti zilizozidi hazisongi mbele, zinarudi mwanzo wa ukurasa ule ule na kuharibu zilizokuwepo.

Kwa hiyo rekodi yetu ikawa baiti 32, kwa sababu 32 inaingia kwenye 256 mara 8 bila kubaki. Baiti moja ni ya toleo, moja ya aina ya rekodi, moja ya urefu, moja ya alama ya kutumwa. Kisha 4 za namba ya mfululizo, 4 za wakati, 16 za data yenyewe, na 4 za mwisho ni CRC, ile hesabu ya kuhakiki kwamba kilichosomwa ndicho kilichoandikwa. CRC huandikwa mwisho. Umeme ukikatika katikati, hesabu haitakubaliana na mwili wa rekodi, na kifaa kikiwaka kinairuka na kuendelea. Rekodi ama ipo nzima ama haipo.

Alama ya kutumwa ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Rekodi ikizaliwa, baiti hiyo ni 0xFF, biti zote 1. Seva, kompyuta inayopokea rekodi, ikijibu kwamba imepokea, tunaiandika 0x00 juu yake. Hakuna kufuta sekta, hakuna jedwali la pembeni la kukumbuka zipi zimekwenda. Tumeiacha nje ya hesabu ya CRC ili kuibadilisha kusiiharibu rekodi.

Rekodi moja kila dakika 5 ni rekodi 288 kwa siku. Chipu nzima inabeba 131,072, yaani siku 455, kisha inazunguka na kufuta za zamani kabisa. Kila sekta inafutwa mara moja katika mwaka na ushei. Chipu itaozea kwenye chumvi ya hapa kabla haijachoka kwa kuandikwa.

Halafu huja swali la kila mtu: kifaa kikizimika na kuwaka, kitajuaje kilipoishia? Jibu la haraka ni kutenga sekta moja ya kuwekea namba ya mahali tulipofika, na kuisahihisha kila rekodi inapoingia. Nimeiona njia hii kwenye programu nyingi, zingine za watu wanaoheshimika. Sasa piga hesabu. Mara 288 kwa siku, sekta inayoahidiwa mara 100,000 inafika kikomo baada ya siku 347. Ukiiweka namba hiyo kwenye flashi ya ndani ya STM32F103, chipu inayoendesha programu ya kifaa, ambayo huahidiwa mara 10,000, zinabaki siku 34. Funga kifaa mwezi wa Ramadhani unapoandama, na sikukuu ya Idi haijapoa utakuwa umeshavuka ahadi ya mtengenezaji. Kifaa hakifi siku hiyo, la, kinaanza kusahau, na ugonjwa wa kusahau ni mbaya zaidi kuufuatilia kuliko kifo.

Moduli yetu haiandiki popote kilipoishia. Kifaa kikiwaka inasoma rekodi ya kwanza ya kila sekta, zote 1,024, inatafuta namba ya mfululizo iliyo kubwa kuliko zote, kisha inasoma ndani ya sekta hiyo mpaka ifike penye utupu. Ni kusoma tu, na kusoma hakuchoshi flashi.

Kuna watakaouliza kwa nini tusichukue kitu kilichokwisha kutengenezwa. Twavichukua, kila kimoja mahali pake. SQLite, programu ya hifadhidata ambayo D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000 akifanya kazi ya manowari za jeshi la maji la Marekani, na ambayo haina mmiliki kisheria, ndiyo inayohifadhi rekodi zetu zote upande wa seva, na sina haja ya nyingine. Lakini inataka mfumo wa mafaili chini yake na kumbukumbu ya kutosha, na STM32F103 ya kawaida ina kilobaiti 20 tu za RAM. Littlefs, mfumo wa mafaili uliotoka kampuni ya ARM, imejengwa mahususi kuvumilia kukatika kwa umeme na kuigawa kazi ya kufuta sawasawa kwenye flashi. Kifaa chako kikihitaji mafaili, yaani mipangilio, vyeti, picha, ichukue hiyo, usijitese. Sisi tulihitaji foleni ya rekodi zinazofanana ukubwa, basi. Kuna vijana wanaomaliza miezi wakilinganisha maktaba za programu na hawajapima joto hata la jokofu la mama yao. Mchagua jembe si mkulima.

Kilichotufunza mpaka wa moduli ni namba 85.

Asubuhi moja Ami alipiga simu kabla hata sijanywa kahawa. Stima ilikuwa imepotea usiku na kurudi. "Kijana, nambie kweli," akaanza, bila salamu, na yeye si mtu wa kuacha salamu. "Samaki wangu mwawatunza ama mwawachemsha?" Kwenye simu yake, kati ya usomaji wa nyuzi 17 na wa nyuzi 16 chini ya sifuri, palikuwa na nyuzi 85. Juu ya sifuri.

Anayeijua sensa ya DS18B20, kile kipande kinachopima joto, ameshacheka. Sensa hiyo ikiwaka tu, kabla haijapima chochote, kwenye kumbukumbu yake kuna thamani ya 85. Kupima kwa usahihi wake wa juu huchukua mpaka milisekunde 750. Ukiisoma kabla haijamaliza, inakupa ile 85 ya kuzaliwa nayo, na CRC yake iko sawa kabisa, kwa hiyo huwezi kuikamata kwa hesabu.

Mwenzangu wa kazi akafungua ile moduli ya kuhifadhi na kutaka kuongeza mstari mmoja: joto likiwa 85, usihifadhi. Kwa dakika hiyo alikuwa na haki. Stoo ya samaki haiwezi kufika nyuzi 85 ila ikiwaka moto. Lakini tulibishana mpaka mahamri yakapoa. Hoja yangu ilikuwa kwamba sehemu inayohifadhi haina ruhusa ya kujua kilichomo. Iwe kama karani wa godauni: anapokea gunia, analitia namba, anaandika saa lilipoingia, halifungui kuonja. Anayejua tabia za sensa ni yule anayeongea na sensa. Basi ile sehemu ya sensa ndiyo iliyosahihishwa: ngoja ipime, na usomaji wa kwanza baada ya kuwaka utupwe.

Ubishi huo ulijilipa ilipokuja kazi ya jenereta. Maji ya kupoza injini ya dizeli iliyopata moto hucheza kwenye nyuzi 80 mpaka 90. Yaani 85 ndiyo afya yenyewe. Lau ule mstari mmoja ungekaa ndani ya moduli, jenereta nzima zingekuwa zinapotea kwenye rekodi kila zinapofanya kazi vizuri, na mtu angezunguka na multimita siku nyingi akitafuta waya uliokatika.

Kabla ya jenereta kulikuwa na matangi ya maji, na hapo ndipo moduli ilipokuwa moduli. Kwenye kazi ya samaki hatukuandika kitu cha jumla. Faili la mwanzo lilijaa maneno ya pale pale: joto, friza, mlango umefunguliwa. Ndivyo inavyotakiwa, nami sishawishiki vingine. Kifaa cha kwanza hakikuambii kipi kitabaki na kipi kitabadilika, ni kubahatisha. Ilipokuja kazi ya Tudor, ambako wapangaji na mwenye nyumba walikuwa hawaelewani ni nani anayemaliza maji, tuliliweka faili la samaki upande mmoja na mahitaji ya maji upande wa pili, tukaona kwa macho. Kina cha maji ni milimita, joto ni sehemu za mia za nyuzi (nyuzi 18.5 chini ya sifuri huandikwa -1850, namba kamili, hatutumii desimali ndani ya kifaa). Zote mbili ni baiti chache zinazosubiri kutumwa. Tukatoa kila neno la samaki. Zikabaki amri nne: fungua, ongeza rekodi, nipe ambazo hazijatumwa, hizi zimefika. Na chini yake moduli inaomba vitu vitatu kwa kila bodi: namna ya kusoma, namna ya kuandika, namna ya kufuta sekta. Haijui chipu ni ya nani wala imeungwa kwa waya gani.

Maombi ya kuiongezea amri ya tano hayakomi. Mwenye ghorofa alitaka kifaa kimpe "maji ya Ijumaa peke yake". Ni ombi la haki, ila linajibiwa kwenye seva kwa mstari mmoja wa SQLite. Mwingine alitaka rekodi zibanwe ili ziingie nyingi zaidi. Siku 455 hazikutoshi kwa lipi, ndugu yangu?

Habari ya saa nayo ilitaka msimamo. Moduli huhifadhi sekunde tangu 1970 kwa saa za UTC, saa ya kimataifa, ambayo Kenya iko mbele yake kwa saa 3. Ami anataka ujumbe wake umwambie saa 2:15 usiku. Msimamizi wa ghorofa anataka 20:15, kwa sababu ndivyo anavyoandika kwenye daftari la walinzi. Yote hayo hufanyika mwisho kabisa, ujumbe unapotungwa. Kifaa chenyewe hakijui usiku wala mchana.

Saa ya kwenye bodi ni DS3231 yenye betri yake ndogo, na betri hizo zikiwa za bei ya kutupa huisha mapema. Ikiisha na stima ikakatika, saa inaamka tarehe 1 Januari 2000. Chipu ina biti ya kukiri kwamba ilisimama, na tunaiheshimu: rekodi za hapo zinapata wakati wa sifuri, maana yake haujulikani. Mpangilio hauharibiki, kwa kuwa unafuata namba ya mfululizo, si saa. Seva huzibandika kati ya zilizotangulia na zilizofuata. Kifaa kimoja cha ng'ambo ya Likoni kilikaa hivyo muda mrefu na hakuna aliyelazimika kuvuka feri kukifuata juani.

Sasa majaribio, na hapa sifa si yangu. Kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya kazini alitengeneza flashi ya uongo ndani ya kompyuta: kumbukumbu ya kawaida inayotii masharti yale yale, biti inatoka 1 kwenda 0 tu, kufuta ni kwa sekta. Kisha akaipa uwezo wa kukata umeme baada ya baiti yoyote anayotaka. Programu inaandika rekodi, umeme unakatwa baada ya baiti ya 1, inawaka, inakaguliwa. Inaanza upya, unakatwa baada ya baiti ya 2. Hivyo hivyo mpaka moduli izunguke chipu nzima. Sharti ni moja: kila rekodi iliyokwisha kukiriwa isomeke, na ile iliyokuwa njiani ama iwe nzima ama isiwepo. Iliwezekana kwa sababu moduli haijui iko kwenye bodi gani. Kuipeleka kwenye kompyuta ni kuipa zile amri tatu za chini na kuiacha ifanye kazi.

Jaribio hilo ndilo lililoleta habari ya kufuta nusunusu. Kufuta sekta kwenye W25Q32 huchukua milisekunde 45 kwa kawaida na huweza kufika 400, muda mrefu kwa mambo haya. Umeme ukikatika humo, sekta inabaki na mchanganyiko wa vipya na vya zamani. Kwa hiyo sekta ya mbele hufutwa mapema kabla ya kuhitajika, na kifaa kikiwaka huikagua. Ikiwa na chochote kisicho 0xFF, inafutwa upya.

Mwaka huu bei ya bodi imetusukuma kwenye chipu ya STM32L4 badala ya ile F103, bila chipu ya pembeni, tukitumia flashi yake ya ndani. Hapo ndipo moduli ilipokutana na jambo lililogusa mpangilio wake wa ndani. Flashi ya L4 huandikwa kwa vipande vya baiti 8, na kila kipande hubeba biti za ECC za kusahihisha makosa. Ukishakiandika huwezi kurudi kukigeuza biti moja, kwa sababu ile ECC haitalingana tena. Alama yetu ya kutumwa, ile niliyoisifu juu, haikubaliki. Ilibidi ipewe kipande chake chenyewe cha baiti 8, kinachoachwa kitupu mpaka seva ijibu, na rekodi ikawa baiti 40. Kurasa za L4 ni za kilobaiti 2, kila mmoja unachukua rekodi 51 na baiti 8 zinabaki bure. Kwa kilobaiti 128 tulizotenga tunapata rekodi 3,264, siku 11 na kidogo, zinazotosha kwa kifaa kinachotuma kila saa.

Kwenye W25Q32 hatukubadilisha kitu, maana 40 haigawanyiki ndani ya 256 na rekodi zingeanza kupanda mipaka ya kurasa. Ukubwa wa rekodi umekuwa thamani inayotolewa na bodi, pamoja na zile amri tatu. Vifaa vya zamani vinaendelea na baiti 32, vipya vina 40, na seva inavisoma vyote kwa kutazama ile baiti ya kwanza ya toleo.